Kushinda nje, kutoka mara mbili au kukaa ndani: kituo gani kimfae mtoto majira ya baridi?

Wakati wa joto vituo vya kulelea watoto hufanana. Milango hukaa wazi, watoto huingia na kutoka, na mzazi anayetembelea vituo vitatu kwa siku moja hurudi nyumbani bila kuona tofauti kubwa zaidi ya rangi ya kuta. Theluji ikianguka mambo hubadilika. Kila kituo huanza kuonyesha kinachoamini kuhusu mtoto mdogo. Kama unatafuta mahali pa kumwacha mwanao kwa miezi minne au mitano ya baridi, basi kitazame kituo hicho kwa jicho la Januari hata kama umekwenda kujiandikisha Juni.

Hapa naviweka vituo katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni chekechea za msituni, ambako watoto hushinda nje karibu muda wote. Mtindo huu ulishika mizizi Denmark miaka ya 1950, kisha ukaenea Ujerumani, ambako chekechea ya Flensburg ilitambuliwa rasmi mwaka 1993. Kundi la pili ni kituo chenye jengo na uwanja wake, kinachotoa watoto nje kila siku, mara nyingi asubuhi na tena baada ya usingizi wa mchana. Ndio utaratibu uliozoeleka Finland, Norway na Sweden. Kundi la tatu ni kituo kinachokaa ndani: watoto hutoka siku za hali nzuri tu, na baridi ikikaza wanaweza kumaliza wiki nzima bila kukanyaga uwanja.

Niseme mapema ninakoegemea. Kwa watoto walio wengi, kuanzia mwaka mmoja na nusu hadi mitano, nachagua kundi la pili. Lakini kituo cha kundi la pili chenye walezi wachache na kisicho na mahali pa kukaushia nguo kinaweza kumtesa mtoto kuliko kituo cha ndani kinachojua kazi yake. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanzia mlangoni, pale penye viatu.

Ukumbi wa kuvalia nguo

Mzazi anapotembezwa kituoni huonyeshwa vitabu, midoli na michoro ukutani. Wewe omba kusimama ukumbini wakati watoto wanavalishwa. Kuwavalisha watoto kumi wa miaka miwili nguo za theluji ni kazi ya nusu saa, na jinsi inavyofanywa inakueleza habari zote za kituo.

Tatizo kubwa hapo ni jasho. Mtoto wa kwanza akishavaa kila kitu hungoja wenzake ndani ya ukumbi wenye joto. Fulana yake inalowa kwa jasho, naye akifika nje ule unyevu unamwibia joto mwilini. Dakika kumi baadaye analia kwamba anasikia baridi, na watu wanailaumu hali ya hewa. Kituo kizuri hugawa watoto: mlezi mmoja huwavalisha wanne na kutoka nao mara moja, mwingine hubaki na wanaofuata. Kituo kisicho na walezi wa kutosha hakiwezi kufanya hivyo, kwa sababu hakiwezi kuwa nje na ndani kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ukiuliza idadi ya walezi, usiridhike na hesabu ya kwenye karatasi. Uliza wako wangapi saa ya kutoka, na mmoja wao akiugua inakuwaje.

Katika chekechea ya msituni taabu hii huwa ndogo, kwa kuwa mtoto huja amevaa kutoka nyumbani na hukaa hivyo hadi anapochukuliwa. Mzigo unahamia kwako: ukikosea asubuhi, mtoto atakaa na kosa hilo siku nzima. Katika kituo cha kundi la pili mtoto huvaa na kuvua mara kadhaa kila siku. Walezi wengine huona huo ni usumbufu unaokula ratiba. Wengine huufanya kuwa somo, na hapo ndipo pa kumpeleka mtoto. Kuvuta zipu, kujua buti la kushoto na la kulia, kumsaidia mwenzako kofia: mtoto wa miaka mitatu anayefanya hayo kila siku kwa majira mazima hupata mikono mahiri na subira. Katika kituo cha ndani nafasi hiyo hupotea, maana mtoto huvalishwa haraka saa ya kwenda nyumbani tu, na mara nyingi ni mzazi mwenye haraka anayemvalisha.

Kuhusu nguo zenyewe, vituo vyenye uzoefu huomba vitu vinavyofanana: vazi la ndani la sufu au kitambaa kinachopitisha jasho, vazi la kati la joto, na la juu lisilopitisha maji wala upepo. Pamba ikigusa ngozi haifai, kwa sababu ikilowa hukaa na maji. Sufu hutunza joto hata ikiwa na unyevunyevu. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, anayekaa na kutambaa kwenye theluji, ovaroli ya kipande kimoja inashinda koti na suruali, kwani theluji haipati pa kupenya mgongoni. Lakini mtoto anayejifunza kwenda chooni atapata shida na ovaroli. Hitaji likimjia hana muda wa kungoja zipu ndefu, na hapo vipande viwili ni bora. Glavu ambazo vidole vinne hukaa pamoja na gumba peke yake hupasha joto kuliko zenye vidole vilivyotengana, tena mtoto mdogo huzivaa mwenyewe. Buti zisibane. Ukimvika soksi mbili nene ndani ya buti dogo unabana damu, na vidole vinapata baridi zaidi.

Kuna jambo la usalama ambalo halina mjadala. Skafu ndefu na kamba za kofia hunasa kwenye bembea na ngazi za kuchezea, na zinaweza kumnyonga mtoto. Kiwango cha Ulaya cha EN 14682 kinakataza kamba za kuvuta kwenye kofia na shingo za nguo za watoto wadogo hadi umri wa miaka 7. Kituo kinachoruhusu skafu uwanjani hakijafikiria vya kutosha. Kitambaa cha mviringo kinachovutwa kichwani na kukaa shingoni kinafanya kazi ileile bila hatari.

Halafu kuna kukausha. Glavu zilizolowa asubuhi zikiwa bado mbichi saa nane mchana, hakuna kutoka mara ya pili, au kuna kutoka kwa machozi. Vituo vingi vya nchi za kaskazini vina kabati linalopuliza hewa ya moto, na nguo hukauka wakati watoto wamelala. Kama kituo hakina, muulize mlezi glavu hukaushwa wapi. Jibu zuri linaweza kuwa rahisi tu: kila mtoto alete jozi tatu. Kituo kisicho na jibu lolote, hata kikijisifu kwamba hutoka mara mbili, wiki za theluji ya majimaji kitakuwa kinatoka mara moja.

Mafua, kutapika na hewa ya chumbani

Wazazi wengi huchagua kituo cha ndani kwa hofu moja: mtoto asipigwe na baridi akaugua. Hofu hiyo naielewa, lakini inaelekeza macho pasipo. Mafua, homa ya mafua na virusi vya RSV, vinavyoshambulia njia ya hewa, hutoka kwa mtu mwingine. Majira ya baridi huvisaidia kwa sababu watu hujifungia pamoja na hewa iliyopashwa joto hukauka. Watoto ishirini ndani ya chumba kilichofungwa madirisha tangu asubuhi hupumua hewa ya wenzao saa baada ya saa. Uwanjani pumzi hutawanyika. Katika hili kundi la kwanza linaongoza kwa mbali, na la tatu liko nyuma.

Hata hivyo kituo cha ndani kinaweza kujisaidia sana kwa kufungua madirisha. Namna inayofaa ni kuyafungua wazi kabisa kwa dakika tano hadi kumi, mara kadhaa kwa siku, watoto wakiwa chumba kingine. Hewa yote hubadilika ilhali kuta na sakafu zinabaki na joto, na chumba hurudia hali yake upesi. Dirisha lililoachwa na upenyo mdogo mchana kutwa hupoza ukuta na kubadilisha hewa kidogo tu. Ukiingia chumba cha watoto saa tano asubuhi ukakuta madirisha yana ukungu wa maji na hewa nzito, hicho ni kipimo tosha.

Magonjwa ya tumbo yanageuza mpangilio. Norovirusi, vinavyoleta kutapika kwa ghafla na kuvuma zaidi majira ya baridi, haviuawi vizuri na jeli ya spiriti. Vinataka sabuni na maji yanayotiririka, kwa sekunde 20 hivi. Kituo chenye jengo kina masinki ya kimo cha mtoto na maji ya vuguvugu. Msituni, maji hubebwa kwenye madumu, na penye barafu mtoto hukwepa kunawa kwa sababu maji yanamuuma. Huu ndio udhaifu halisi wa chekechea ya msituni, na wazazi wachache huuliza. Muulize mlezi watoto hunawaje kabla ya kula na baada ya haja. Ikiwa jibu ni jeli peke yake, ujue kwamba tumbo likiingia kwenye kikundi litazunguka.

Kanuni ya wagonjwa nayo ilinganishe. Vituo vingi humtaka mtoto aliyetapika au kuhara abaki nyumbani hadi saa 48 zipite tangu mara ya mwisho. Kanuni hiyo inamsumbua mzazi anayefanya kazi, lakini kituo kinachoilegeza kwa kumhurumia mzazi mmoja hulaza wazazi wanane wiki inayofuata. Kamasi peke yake haimfungii mtoto nyumbani. Mtoto mdogo kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka ni jambo la kawaida, na mwaka wa kwanza wa kituo unaweza kuzidi hapo. Usihame kituo kwa sababu hiyo tu. Huko uendako pia kuna watoto.

Wachanga wana hesabu yao

Yote niliyosema juu ya kupenda nje yanahitaji kupunguzwa kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Mwili wake una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito, hivyo hupoteza joto haraka. Halafu hatembei. Mwenzake wa miaka mitatu anayekokota sleji hujipasha joto kwa misuli yake, ilhali yeye amekaa tu kwenye kigari. Chekechea za msituni kwa kawaida hupokea watoto kuanzia miaka mitatu, na ni sawa.

Finland na nchi jirani zake wachanga hulazwa nje kwenye vigari hata kukiwa na baridi chini ya sifuri, na wazazi wengi huko husema hulala vizuri na kwa muda mrefu. Sioni ubaya wake pale ambapo walezi wamekulia katika desturi hiyo: kigari kimekingwa na upepo, mfuko wa kulalia ni wa joto, na kuna mtu anayemwangalia mtoto mara kwa mara kwa kumgusa shingo nyuma. Shingo ikiwa ya joto na kavu, yuko salama. Ikiwa na jasho, amezidishiwa nguo, na ikiwa ya baridi, aingizwe ndani. Mikono ya mtoto si kipimo, kwani hupoa mapema. Lakini kituo kinachoanza kuiga desturi hii bila walezi wenye uzoefu nisingekikabidhi mchanga.

Ndani nako kuna hatari yake, na hii watu huisahau. Mlezi mwenye huruma hufunika mtoto blanketi mbili na kuongeza hita, ilhali joto kupita kiasi ni moja ya mambo yanayoongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mchanga usingizini. Chumba cha kulala cha nyuzi 16 hadi 20 kinatosha, mtoto akilala chali bila kofia na bila blanketi zilizolegea. Ukitembelea kituo cha ndani, angalia kipimajoto cha chumba cha wachanga kabla ya kuangalia midoli.

Upepo

Kila kituo kinachotoa watoto kiwe na kipimo kilichoandikwa cha lini hawatoki, na kipimo hicho kihesabu upepo. Nyuzi 10 chini ya sifuri siku tulivu ni siku njema ya kucheza. Upepo wa kilomita 30 kwa saa ukiongezeka, mwili huhisi kama nyuzi 20 chini ya sifuri. Mwili ukihisi nyuzi 28 chini ya sifuri au zaidi, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Chekechea ya msituni iongeze swali la matawi: siku ya dhoruba msitu ni hatari kwa miti kuanguka, na lazima pawepo kibanda au nyumba ya kuhamia. Mlezi akikuambia wao hutoka hali iwayo yoyote, hiyo si sifa.

Giza na jua

Mbali na ikweta, mchana wa Desemba ni mfupi, na mtoto anayekaa ndani hadi saa ya kuchukuliwa anaweza kumaliza siku tano bila kuuona mwanga wa jua. Kundi la kwanza na la pili humpa mtoto mwanga wa asubuhi, na watoto wengi hulala vizuri usiku kwa sababu hiyo. Walezi wavae na wawavike watoto vizibao vya kuakisi mwanga wanapotoka nje ya uzio.

Lakini usidhani kutoka nje kutampa vitamini D. Katika latitudo za juu jua la majira ya baridi liko chini mno kwa ngozi kuitengeneza, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili kupata kiasi kilekile. Mtoto wa ngozi nyeusi anayeishi huko atahitaji matone, awe msituni au chumbani. Kwa wachanga kipimo kinachopendekezwa sana ni mikrogramu 10 kwa siku. Zungumza na kliniki yako. Mwisho wa majira ya baridi jambo hugeuka. Theluji mpya huakisi hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayounguza, na uso wa mtoto huungua hata kukiwa na baridi.

Siku ya ndani inajazwa na nini?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apate angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, na wa miaka mitatu na minne apate dakika 60 kati ya hizo akichangamka kwelikweli. Msituni dakika hizo hupatikana bila mtu kuzihesabu. Kituo cha kundi la pili huzifikia kwa kutoka mara mbili. Kituo cha ndani kinaweza kuzifikia kikiwa na ukumbi wa kukimbilia na magodoro ya kupandia. Kikiwa na chumba kimoja chenye meza, hakitaweza. Na saa za jioni, walezi wakiwa wamechoka na watoto wamejaa nguvu ambazo hazikutumika, skrini huwashwa. Uliza skrini huwashwa lini, na usikilize jibu linavyosita.

Nani aende wapi

Mtoto wa miaka minne asiyetulia, anayependa kupanda na kuchimba, na ambaye nyumbani kuna mtu wa kushughulikia nguo zenye matope kila jioni, atachanua msituni. Usimpeleke huko kama asubuhi zako ni za mbio, kwa maana nguo zisizokamilika humwadhibu yeye.

Mtoto mwenye pumu si lazima afungiwe ndani. Hewa baridi na kavu inaweza kumbana, lakini chumba kisichobadilishwa hewa nacho kinaweza. La muhimu ni mpango ulioandikwa na daktari na dawa yake ya kuvuta inayotoka uwanjani pamoja na mlezi, isibaki kwenye droo ya ofisi. Mtoto mwenye selimundu ni habari nyingine kabisa. Baridi na kulowa vinaweza kumwamshia maumivu makali, na kwake yeye ningechagua kituo chenye jengo, kinachokubali atoke kwa muda mfupi na arudi kabla ya wenzake, na chenye mlezi aliyeelezwa ana kwa ana dalili za kuangalia. Chekechea ya msituni ningeiacha, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Ikiwa kituo pekee chenye nafasi ni kile kinachokaa ndani, usikate tamaa, wala usiingie na hotuba kuhusu nchi za kaskazini. Omba mambo machache yanayowezekana: watoto watoke dakika 20 kabla ya chakula cha mchana siku zisizo na upepo mkali, madirisha yafunguliwe wakati huo huo, na wewe ulete glavu za akiba na soksi zenye jina la mtoto. Walezi wengi hukataa kutoka kwa sababu ya watoto wawili watatu wanaokuja bila nguo za kutosha, na kikundi kizima hubaki ndani kwa ajili yao. Wazazi wakikubaliana kuchangia sanduku la kofia, glavu na ovaroli za kuazimana, sababu hiyo huondoka. Zungumza na wazazi wenzako kabla ya kumwendea mkuu wa kituo, na mwende mkiwa na sanduku lenyewe mkononi.